Boya Lililohama

Rwamishenye, Bukoba
Jumatano, 19 Novemba

Dada yangu mpendwa Alistidia,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, waitu. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Rubya, wewe na mama na wanao. Mguu wa mama unaendeleaje? Na senene, wameanza kuanguka huko? Hapa mjini tumewaokota na kuwakaanga siku mbili tu, kisha wakapotea.

Mimi mwili ni mzima, ila situlii. Nimeanza barua hii mara tatu. Kila mara nimeondoka mezani, na mara ya mwisho nikafagia ua ambao nilikuwa nimeshaufagia asubuhi. Ningekupigia simu, lakini najua ningekata kabla sijafika mwisho. Jirani yangu Benadetha anakuja hospitalini Rubya kesho, nitampa akufikishie mkononi.

Unaijua kazi yangu. Kabla meli yetu ya mizigo haijang'oa nanga Kemondo, mimi ndiye ninayepanga safari. Najumlisha uzito wa mzigo, napima meli itazama kiasi gani majini, nauliza hali ya upepo na kina cha maji kila itakapotia nanga, kisha naamua saa ya kuondoka. Nahodha hupewa karatasi yenye saini yangu. Mumeo Rutaihwa, nahodha wetu, amesafiri kwa karatasi zangu miaka miwili.

Safari ile ya mwezi uliopita ilikuwa ya saruji na mabati ya madarasa ya kisiwani Bumbire, halafu kahawa ya kwenda Mwanza. Upepo ulikuwa umetuzuia wiki nzima. Mkandarasi alipiga simu kila saa, na bosi alikuwa akisimama mlangoni kwangu akiangalia saa. Alhamisi akasema: meli ikiondoka Jumamosi, Jumatatu mkataba wangu wa kudumu utasainiwa.

Iliondoka Jumamosi. Yaliyofuata uliyasikia. Jioni, ikikaribia mwalo wa Bumbire pale inapotia nanga, ilipanda mwamba. Maji yaliingia, saruji ikaharibika, baharia Datius akavunjika mkono, na namshukuru Mungu kwamba wote walitoka hai. Kisha yakaanza maneno kwamba nahodha alikuwa amelewa. Akasimamishwa kazi. Wewe ulikumbuka miaka ile ya pombe, na alipokuapia kwamba hakunywa hukumwamini. Ukafungasha, ukawachukua watoto. Mimi ndiye niliyekubebea begi hadi stendi, nikakaa nawe mpaka basi la Muleba likaondoka. Nikakupungia mkono.

Dada, Rutaihwa hakuwa amekunywa.

Ijumaa, siku moja kabla ya safari, Mzee Kaijage anayesimamia mwalo ule wa Bumbire alinipigia simu. Alisema mawimbi yamelisogeza boya linaloonyesha mwamba, na atakayelifuata lilipo sasa atagonga. Akaomba meli ifike mchana, naye atatuma mtumbwi uiongoze. Niliandika maneno yake yote. Lakini kumsikiliza kulimaanisha meli ingoje hadi Jumapili alfajiri, maana Jumamosi upepo ungetulia baada ya adhuhuri. Niliufikiria mkataba. Nikajiambia kwamba Rutaihwa anayajua maji yale kuliko boya lolote. Nikaiweka karatasi kwenye droo, nikasaini mpango wa Jumamosi. Sikusahau, dada. Niliamua.

Siku ya tatu baada ya ajali, Rutaihwa alikuja ofisini. Hakukaa. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, kuna mtu wa Bumbire aliyekupigia kabla sijaondoka?" Nikamjibu hapana. Akaniangalia, akasema, "Basi sawa," akatoka. Naamini alikuwa ameshajua, maana Mzee Kaijage asingeacha kumwambia. Hakumweleza bosi. Hata wewe hakukueleza, nami sijui kwa nini, labda hakutaka uchague kati yake na mimi.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuinuka na kukaa. Jana asubuhi nilimpelekea bosi ile karatasi ya kwenye droo pamoja na maelezo yangu. Alisoma amesimama, akaniambia niache funguo mezani, na kwamba nitaitwa kwenye uchunguzi. Rutaihwa naye ataitwa upya.

Kutoka pale nilikwenda nyumbani kwako. Nilimkuta shemeji akimenya ndizi mwenyewe, anakata maganda manene mpaka ndizi inabaki kidole. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kumenya hadi akaimaliza ile aliyoishika, kisha akauliza swali moja tu, kama nimeshakuambia wewe. Nikasema bado.

"Ulipaswa kuanza na yeye," akasema.

Kwa hiyo nakuandikia. Mama msomee ukiona inafaa. Wabusu wanao, na umwambie Gozbert mdogo kwamba baba yake hakukosea njia, alipewa njia mbaya. Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Restituta