Maneno ya Daktari Niliyoyafupisha

Mpendwa Dani, bibi yangu,

Leo nimesukwa nywele na fundi mmoja wa mtaa wa Olympic, na mikono yake imenikumbusha yako. Kila Jumapili ulinibana kichwa katikati ya magoti yako, na nikilia unasema, "Nyamaza, urembo hauji bure."

Kisha siku moja ukateleza kwenye mtaro nyuma ya nyumba yetu pale mtaa wa Raila, umebeba beseni la samaki. Mkono wa kulia ukavunjika karibu na bega. Hata hospitalini uliendelea kuuliza samaki wako wameokotwa na nani.

Daktari aliongea Kiingereza, akiniangalia mimi. Alisema wazee wengi hupona kwa kufungwa mkono tu, bila kisu. Lakini vipande vya mfupa wako vilikuwa vimeachana vibaya. Alishauri upasuaji, tena ndani ya wiki mbili, kabla mfupa haujaanza kujiunga. Alipofika kwenye dawa ya usingizi, niliacha kumsikia. Nilikuona akilini umelala na huamki.

"Anasemaje?" ukaniuliza.

"Ufungwe mkono, upumzike. Upasuaji si wa haraka."

"Hayo tu? Mtu ameongea kama mhubiri wa krusedi, na ni hayo tu?"

"Hayo tu, Dani."

Ukacheka. Tukaenda nyumbani.

Tuliporudi wiki ya sita, mfupa ulikuwa umejiunga ukiwa umepinda. Kuurekebisha kungetaka uvunjwe upya, na daktari hakutaka kukuingiza katika hilo. Sijui kama kisu kingekurudishia mkono wote. Hata yeye hakuwa ameahidi. Lakini uamuzi ulikuwa wako, nami niliufanya kwa niaba yako bila kukwambia. Tangu hapo mkono wako haukufika kichwani tena. Nikawa mimi ninayekusuka, vibaya, nawe ukiwaambia majirani, "Mjukuu wangu amesoma, lakini mistari yake imelewa."

Uliondoka duniani kwa ugonjwa mwingine, kabla sijakwambia. Kila Jumapili nilitaka, chanuo mkononi, kisogo chako mbele yangu. Nilikuwa nachana tu.

Wiki iliyopita shangazi, binti yako wa Kawangware, alianguka bafuni akavunjika kiwiko. Akataka niende naye mimi, "mwenye shule." Daktari akaongea, nami nikatafsiri yote: kupasuliwa, kutopasuliwa, siku zilizobaki za kuamua, hata dawa ya usingizi. Shangazi akanitazama, akauliza kwa sauti yako kabisa, "Hayo tu?"

"Hapana, shangazi. Kuna jambo la Dani."

Nikamwambia hilo pia, palepale, daktari akisubiri. Aliupakata mkono wake uliovunjika kama mtoto mchanga. Hakunilaumu, wala hakusema si kitu. Kisha akamgeukia daktari, akasema mwenyewe, kwa Kiswahili:

"Niandikie upasuaji, Alhamisi."

Pumzika, Dani. Sasa nawe nimekwambia.

Mjukuu wako,
wa mistari iliyolewa