Kelele za Dunguni Ndani ya Ndege

Dubai

Kwa Mama yangu, Bi Mwanaisha, Maparoni

Shikamoo Mama. Kabla hujashika kichwa, nakwambia kwanza: wajukuu zako wako hai, wazima, na wanakula. Mimi tu ndiye mdomo umevimba, na utapoa. Wewe je? Kikohozi kimekuacha? Na kima wamekubakishia mpunga hata wa uji mwaka huu, maana walinzi wako wa dunguni, Siwema na Shamte, nimekunyang'anya? Hadija mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea. Soma kama nilivyoandika. Usiruke mahali pa aibu, na matusi usiyapunguze.

Mama, unaikumbuka siku niliyokuja kuwachukua. Siwema alinikimbia akajificha nyuma ya kanga yako. Shamte yeye akanisogelea na kuniuliza, "Shangazi, umetuletea biskuti?" Shangazi! Mimi niliyemzaa! Nilicheka mbele za watu, lakini iliniuma mpaka leo. Niliondoka hajaanza hata kusema vizuri, nikamfuata baba yao Omari huku kwenye gereji anakofanya kazi, nikakuachia wewe mzigo. Sasa nawapakia kwenye boti, wananyoosha mikono pwani wanalia, "Bibi! Bibi!" Nikaapa moyoni kwamba hawa watarudi kuwa wangu, na hakuna atakayewagusa.

Mtu wa kwanza niliyekuwa namwogopa unamjua. Omari mkono wake mwepesi. Lile jino langu nililokuandikia kwamba limevunjwa na mfupa wa mbuzi, mbuzi wa watu namsingizia bure. Na siku naondoka kuja huko kuwachukua watoto, Omari alinikaba shingo pale mlangoni, akaniambia taratibu kabisa, "Walete. Lakini wakinitia aibu mbele ya watu wangu, watarudi Maparoni kwa ndege ya kwanza, na wewe utanitambua." Hayo ndiyo niliyopanda nayo ndege. Wenzangu walikuwa na mabegi.

Ndege yenyewe ilijaa wafanyabiashara, hawa waliotajirika tangu biashara ifunguliwe, kila mmoja anakwenda kuchukua redio, vitenge na vipuri. Wajukuu zako nilikuwa nimewavisha mitumba ya kuchagua: Siwema gauni jekundu, Shamte shati la kola. Wamependeza, wamekaa kimya, wanachungulia dirishani. Tulipofika juu kabisa Shamte, aliyezoea kupanda jukwaani kulinda mpunga, akasema, "Dungu hili refu." Nikacheka. Ningejua yanayokuja nisingecheka.

Chakula kikaletwa. Shamte akala kuku, na mkate akauweka pembeni wa baadaye, kama ulivyomzoesha. Akaja mhudumu, binti wa watu, mrembo, ananukia, kazi yake kukusanya sinia. Akanyoosha mkono. Mama, si wewe uliyewafundisha? Mkono unaokuja kwenye chakula hauulizwi, unapigwa, kwa sababu kima ukimchekea mara moja umekwisha. Basi mtoto akamchoma na uma. Sisemi alimgusa. Alimchoma, damu ikatoka. Binti alipopiga ukelele na kuvuta mkono, Shamte akaudaka akaung'ata. Nilivuta, haachi. Nilimzaba, haachi. Mpaka nilipombana pua akakosa pumzi ndipo akafungua meno, na alipofungua akanitazama mimi kama msaliti, kwa nini namtetea kima.

Niliomba radhi mpaka ulimi ukakauka. Yule binti akaenda kufungwa kitambaa, analia. Watu wote wananitazama, na mimi namfinya Shamte paja huku natabasamu. Nikadhani yamekwisha.

Kumbe kiti cha nyuma yetu kulikuwa na bwana mmoja wa Kariakoo, kanzu nyeupe, tumbo mpaka kwenye magoti, amelala mdomo wazi. Anakoroma. Na kukoroma kwenyewe si kwa kawaida, Mama: anaguna, ananyamaza, anaguna tena karibu zaidi. Nikamwona Siwema anageuza shingo, vile anavyofanya akisikia majani ya mpunga yanatikisika. Nikasema, "Siwema, hapana." Hakunisikia. Ameshapanda juu ya kiti, sinia mkono huu, kijiko mkono huu: ko! ko! ko! ko! "Hooo! Hoooo! Nguruwe huyo! Shamte, nguruwe kaingia!" Na Shamte asiyejua kuuliza maswali akavua kiatu akakivurumisha, kikampata yule bwana katikati ya pua.

Katika majina yote ya duniani! Kumwita Mwislamu mzima hivyo, mbele ya kadamnasi! Ndege nzima iliamka. Yule bwana akasimama, damu inamdondokea kwenye kanzu, akauvuta mkono wake nyuma kabisa na kumpiga Siwema kofi. Wallahi halikuwa kofi la kumkanya mtoto. Lilikuwa kofi la kumpiga mtu mzima mwenzako sokoni. Kichwa cha mwanangu kiligonga ukuta wa ndege, nikausikia mlio wake, akaanguka kati ya viti. Na pale chini akaita, "Bibi!"

Alikuita wewe, Mama. Wewe uko Maparoni unatwanga, mimi niko hapa hapa juu yake, na hakuniita.

Basi sikuona tena mbele. Nilikuwa na ile chupa ya chai uliyonifungia safari, yenye maua. Nikamtwanga nayo begani. Nikamtwanga tena sikioni, nikasikia kioo cha ndani kinavunjika, na chai ya moto ikammwagikia kifuani. Akalia kama ng'ombe. Akanikamata mtandio akanivuta, nikamng'ata kidole, akanipiga ngumi ya mdomo, ndiyo huu uvimbe. Nikaishika kanzu yake shingoni nikaipasua mpaka kitovuni. Nilimtukana, Mama, matusi ambayo sikujua kama nayajua: kwanza kwa Kindengereko, kisha nikayarudia kwa Kiswahili ili asikose kitu. Shamte kamng'ang'ania goti, anauma. Mwanamume mmoja aliyekuja kuamua akala kiwiko cha jicho, na sijui kama kilikuwa changu au cha yule bwana. Bibi mmoja wa dhahabu mikono yote akapaza sauti, "Wapelekwe nyuma, washenzi hawa wa porini!" Nikamjibu, damu mdomoni, "Wa porini ndio waliokulimia wali ulioula sasa hivi!"

Tulipelekwa nyuma kweli, karibu na choo. Watoto wakafungwa mikanda, mimi nikapewa barafu. Shavu la Siwema lilikuwa na vidole vya yule mtu, vyote, unavihesabu. Hakulia. Akaniuliza, "Yule ni nguruwe au ni mtu?"

"Ni mtu."

"Mbona amenipiga hivi?"

 Nikamwekea barafu.

Tulipotua, polisi walikuwa wanatungoja. Yule bwana akasema yake, kifua wazi, na mimi nikasema yangu. Askari mwenyewe kachoka. Akamwinua Siwema kidevu, akalitazama lile shavu, kisha akautazama mkono wa yule bwana, mnene vile, akauliza tu, "Huyu ndiye uliyepigana naye?" Yule bwana akachukua mabegi yake. Kesi ikaishia pale. Lakini sisi hatukuruhusiwa kutoka mpaka aje mume wangu kutuchukua, na Omari hakuja peke yake. Alikuja na tajiri wake wa gereji, Mwarabu aliyempa gari siku hiyo kwa heshima ya wanawe kufika. Akasimama pale anamsikiliza askari anavyosimulia: uma, kung'ata, nguruwe, chupa ya chai. Tajiri akacheka. Omari naye akacheka, na njia nzima garini akawa anatabasamu. Mimi namjua akitabasamu hivyo. 

Tukafika chumbani kwetu ghorofani. Akafunga mlango kwa ufunguo, akauacha ufunguo pale pale. Akafungua mkanda wa suruali. "Yupi kati yao aliyeanza?" Akanyoosha mkono kumshika Shamte. Nikaingia katikati. Nikamwambia, "Nipige mimi. Watoto wamechoka na safari."

Hakukataa. Alinipiga wa kwanza mgongoni kwa upande wa chuma, wa pili shingoni. Nilianguka, akanishika nywele akaniinua ili anitazame usoni, maana ndivyo anavyopenda. Ngumi nikaiona ikipanda. Nikafumba macho na kuuma meno, nisilie, kama nilivyozoea. Miaka yote hii, Mama, sijawahi kulia kwa sauti. Nilikuwa nauma mto, majirani wasisikie.

Ko! Ko! Ko! Ko!

Nikafumbua macho. Siwema yuko juu ya meza, kapata wapi sufuria yangu ya wali sijui, na mwiko mkononi, anaipiga mpaka inabonyea. "Hoooo! Hoooo! Nguruwe! Nguruwe kaingia! Njooni!" Na Shamte na mfuniko, anaugonga ukutani, chokaa inaanguka. Sauti ile unaijua, ile ya kuitana dungu kwa dungu mpaka wa ng'ambo ya mto wanaitika. Ndani ya chumba kile, Mama! Masikio yaliziba.

Milango ikaanza kufunguka. Nikasikia ndara kwenye ngazi, nikasikia Wahindi wa chini, nikasikia watu wanagonga. Omari akageuka kwenda kuzuia mlango, huku kanishika nywele bado, ananiburuta. Lakini Shamte alishapita katikati ya miguu yake, akazungusha ufunguo. Wakaingia. Wakamwona Omari mkanda juu, na mimi nilivyo, na mtoto juu ya meza anamwonyesha baba yake kwa mwiko.

Omari akaachia nywele. Akasema, "Tunacheza tu na watoto." Hakuna aliyecheka. Mama wa Kisomali wa mlango wa pili, ambaye hata salamu hatukuwa tumezoeana, alikwenda akamtoa mkanda mkononi kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akamwambia neno moja: "Toka." Na Omari akatoka, Mama. Omari yule yule!

Sasa yuko gerejini analala huko, ametuma mtu na maneno kwamba watoto lazima warudi Maparoni. Sawa. Amepata anachotaka, na zaidi, kwa sababu tutarudi watatu. Pasi zetu za kusafiria anazo mama wa Kisomali, kazificha kwenye gunia lake la mchele. Hadija, hapa usimwambie Mama asilie. Mwache alie, kisha mwendelezee.

Nisalimieni Mjomba Athumani fundi wa mitumbwi, mwambieni sufuria yangu imebonyea kuliko ngalawa yake. Nisalimieni shangazi Mwanahamisi, yeye aliyekuwa anasema watoto hawa hawafundishiki. Na maalimu wao wa chuoni, aniombee dua, lakini asisahau kwamba Shamte bado hajakariri alichompa.

Mama, dungu usilibomoe. Jana Siwema alileta sufuria na mwiko akaviweka upande wa kichwa, pale anapolalia. Akaniuliza, "Mama, nguruwe huyu wa hapa huja mchana au usiku?"

Ndiyo. Aliniita mama.

Nikamwambia ukweli, kwamba yeye huja wakati wowote. Akafikiri, uso ule ule wa kwako. Akasema, "Basi Shamte alale. Mimi na wewe tutalinda kwa zamu."

Sasa hivi amelala, na mwiko ninao mimi.

Ni mimi mwanao,
Mwajuma