Samaki Aliyerudi Chini

Jumapili jioni, Agosti 1987

Nacheka peke yangu kama mwehu.

Samaki wachanga tunaowavua kilindini hufika juu wamevimba kama mpira. Ukiwaachia, wanaelea tu na tai anawanyakua. Tukiendelea hivi wanetu watavua maji matupu.

Bwana samaki, yule afisa wa uvuvi, alisema wakishushwa chini tumbo hunywea. Leo mume wangu akamtia mmoja kwenye tenga lililofungiwa mawe na kamba, mdomo wa tenga juu, kama anavyobebea ndizi, akalishusha majini. Samaki akaelea, akatoka.

"Baba Koku, lifudikize!"

Akanuna, akalifudikiza, mdomo chini, samaki ndani. Samaki akazama nalo. Tulipolivuta, tupu! Tukangoja. Hakuna kilichoelea. Tuliruka nusura mtumbwi upinduke.

Sasa yuko uani, anamwambia jirani kwamba kufudikiza ni wazo lake. Aseme tu. Yule samaki anajua.