Mate ya Mzee Kifuani

Wamagana, Jumapili, Julai 1968

Nimeficha sentensi moja. Tangu tupate uhuru, kila sikukuu ya kanisa huwa nawatafsiria waumini barua ambazo mmisionari wetu wa kwanza alimwandikia dada yake ng'ambo, na sentensi hiyo huwa nairuka.

Leo macho yaligoma, nikamwachia mchungaji kijana asome. Akasoma yote: "Mzee mmoja amenitemea mate kifuani. Niombee nisimchukie."

Kanisa zima likaangua kicheko, maana kwetu mate ya mzee ni baraka. Mama mmoja akapaza sauti, "Ngai! Mtu anabarikiwa, ati analia!" Nami nikacheka hadi mbavu zikauma. Daktari anayenitibu moyo akisikia atanigombeza.

Baadaye mchungaji, ambaye huniita Guka, yaani babu, akaniuliza, "Guka, utamu kama huu ulitunyima kwa nini?" Nikasingizia macho.

Sitaki kufa na uongo huo. Mzee yule alikuwa baba yangu. Alimpa mgeni baraka ileile aliyotupa sisi wanawe, na mgeni hakukanyaga tena kwetu. Maana ya mate yale niliijua tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimesoma, nikamwonea baba aibu.