Viza Ambayo Sikuiomba

Jumanne, asubuhi. Theluji imekoma, lakini anga juu ya Downsview, hapa Kanada, bado ni jivu tupu, na malori ya maghalani yameshaanza kunguruma. Pumzi yangu leo ni fupi. Naandika polepole.

Mama Twaha alikuja tena. Hasemi kitu. Huketi miguuni pangu, mtandio ameusukuma nyuma ya masikio, kama siku ile ya picha kule studio.

Ninyi mnaonisoma hapa, wengi wenu wanafunzi wangu wa zamani wa Tanga, mnajua kwamba mwanangu Twaha alifia Guangzhou, alikokuwa akinunua vipuri vya simu, akazikwa huko huko. Mnajua pia, maana nilishaandika, kwamba mimi na marehemu mke wangu, Mama Twaha, tulitaka kwenda kulizuru kaburi, Wachina wakatunyima viza.

Ni uongo.

Hakuna aliyetunyima. Sikuomba.

Picha tulipiga kama zilivyotakiwa: nyuma peupe, uso bila tabasamu, masikio yaonekane. Mama Twaha alicheka mpaka mpiga picha akarudia. "Mwalimu, mwanangu yuko kwenye udongo wao, na bado wanataka masikio yangu?" Kesho yake nilibeba pasipoti, fomu na picha, nikapanda treni ya chini ya ardhi mpaka mjini. Nilifika mlangoni pa ofisi ya viza. Watu wakiingia, watu wakitoka. Nikageuka. Nilikaa kwenye mkahawa mpaka mchana, nikarudi nyumbani nikasema wamekataa.

Niliogopa kaburi. Madhali sijaliona, Twaha alikuwa bado yuko safarini, amechelewa tu kupiga simu. Ili mimi nibaki na mtoto aliye hai, nilimnyima mama yake kaburi la mtoto wake.

Yeye aliwalaumu Wachina mpaka akalazwa. Mwisho mwisho aliniambia, "Wakilainika ukapata, nenda hata peke yako. Mwambie kwamba mama yake hakukataa kuja."

Sasa wamelainika. Juzi mjukuu wangu Samira aliingia na simu mkononi. "Babu, guess what! Pasipoti ya Kanada haihitaji tena viza ya China. Siku thelathini, hata kwa kutembelea jamaa. Lakini ni mpaka mwisho wa mwaka tu."

Daktari wangu wa moyo hakuniahidi mwisho wa mwaka.

Samira akaanza kutafuta tiketi. Mama yake, binti yangu Zuhura, akamzuia. Zuhura ni muuguzi; huwaza baya kwanza.

"Kutohitaji viza si kuruhusiwa kuingia. Afisa wa uhamiaji anaweza kumrudisha. Na Baba walishamkataa mara moja. Lazima wana kumbukumbu."

"Mama, that was ages ago!"

"Unataka babu yako azuiliwe uwanja wa ndege, na moyo huo? Hatuendi. Baba, nisamehe."

Nilikuwa nimeketi katikati yao na kikombe cha chai. Kumbukumbu hiyo haipo popote duniani. Neno moja lingetosha.

Nikanywa chai.

Ningeweza kuliacha lipite. Kusema kweli, nilipata ahueni: safari hii mlango ulifungwa na mwingine. Ningekufa kitandani, na Zuhura angewalaumu Wachina kama mama yake. Lakini huko niendako Mama Twaha yuko. Hatakuwa kimya kama anavyokuwa miguuni pa kitanda. Ataniuliza kama nilimfikishia mtoto maneno yake, nami nitajibu nini?

Hilo naliogopa kuliko kaburi.

Picha zake bado zimo kwenye bahasha ya studio, hazijabandikwa popote. Nimezitoa nikaziweka mezani, pale Zuhura anapotupa funguo akirudi kutoka zamu ya usiku. Masikio yanaonekana vizuri. Ukimtazama kwa makini utaona anakizuia kicheko.

Lifti imefika. Namsikia Zuhura akikung'uta theluji viatuni.

Sitaki aje kuyasoma haya hapa. Nitamwambia, "Mwanangu, kaa kitako kwanza," kisha nitasema kabla hajanipimia presha, kabla sijapata kikombe kingine cha kujifichia.