Karatasi Nyeusi ya Djamali

Lusangi, tarehe 9 Februari 2024

Mpendwa mudogo wangu Hawa,

Asalam aleikum. Habari ya Kalemie, ya bwana yako, na ya yale magoti yako? Sisi huku tuko wazima, ila kikohozi changu kingali kinaniamsha. Muhogo umekubali mwaka huu, wangu mkubwa kupita wa watu wote.

Sasa sikia. Wamekuja madaktari wa kupima vumbi la koltani hapa machimboni. Wanasema mawe yetu iko na miale isiyoonekana, ukiyatwanga inapanda na vumbi, inaingia kwenye mapafu na kukaa humo. Wanakufunga kifuani mashini ndogo ya kuvuta hewa kutwa nzima, ndani iko karatasi nyeupe ya kunasa vumbi. Halafu wanapiga hesabu: vumbi la siku moja, mara siku zote ulizotwanga maishani, wanajua mapafu yamekula miale kiasi gani.

Tulichaguliwa watu wawili tu, mimi na jirani yangu Djamali, yule niliyemfundisha mimi kushika nyundo.

Siku ile nilivaa koti langu la sikukuu ya Idi, mashini juu yake, nikazunguka soko lote watu wanione. Mutu afungwe kitu kama kile halafu akakae kwenye vumbi? Djamali hakuona aibu, alikaa na kinu chake akatwanga mpaka jioni.

Hawa, karatasi yake ilitoka nyeusi. Yangu nyeupe kama unga. Hesabu yake ikapita yangu mara kumi, ni yeye wanayempeleka Kasongo Jumatatu kwa pikipiki, kupigwa radio, ile picha ya ndani ya kifua, na jina lake wameliandika la kwanza. Miaka thelathini na nane niko mashimoni, yeye hata ishirini na tano hajafika.

Jana akaja. Nilidhani anakuja kujivuna.

“Kaka Atumani, Jumatatu panda wewe ile pikipiki. Mimi sikohoi. Wewe nakusikia kupitia ukuta.”

Hata wema anataka kunipita. Nikamwambia nafasi ya mutu siichukui.

Lakini leo asubuhi nimetema damu, hilo nakuambia wewe peke yako. Basi Jumatatu nakwenda mwenyewe kwa madaktari, niwaambie karatasi yangu ilivuta hewa ya soko, wanifunge tena, nitwange wakiniangalia. Hesabu ikitoka mbaya, itoke. Sitakubali iandikwe kwamba Djamali amekula vumbi kunipita mimi.

Nisalimie wanao Soraya na Souleymane. Mungu awape pumzi ndefu nyote.

Ni mimi kaka yako, mwenye kukupenda siku zote,

Atumani