Chatu Chotara wa Asaad

Jumapili, 2 Novemba 2025

Kwa jina la Mola, Muumba wa kitambaacho na kirukacho. Rehema zimfikie Mtume wake, na salamu kwa atakayelikuta daftari hili nikishaondoka.

Leo tumepata mgeni: Asaad, mwalimu wa hesabu kutoka mtaa wa Mawaleh. Kamletea mjukuu wangu wa kike Bashayer, daktari wa wanyama, sanduku la kioo. Ndani yake — chatu! Aitwa chatu-zulia, kwa nakshi za mgongoni. Mke wangu Sayyida kalisikia neno "zulia" tu. Kakunja mabusati yote ya majlisi, chumba chetu cha wageni, kayakung'uta uani. "Yuko wapi mwengine?" Nimecheka hata nikakohoa. Mungu anisamehe.

Asaad aliuziwa kwa kuambiwa ni wa aina ya msituni, asili safi. Bashayer kampima, kamtazama kichwa, kauliza umri. Urefu umezidi, manjano yamefifia. Adhani ana damu ya aina nyengine, jamaa zao wa pwani. "Lakini ngozi si hati. Chotara huweza kufanana na mzazi mmoja tu. Siwajui wazazi wake, basi siapi."

Kusita kwake kumenipendeza. Asiyeona hashuhudii.

"Wa pwani?" kadakia Sayyida mlangoni. "Basi mwenzetu huyo, mkaribisheni!"

Jumatano, 5 Novemba 2025

Asaad tena! Ati chatu apimwe upya. Kwa siku tatu aongezeke nini? Sayyida kaninong'oneza: huyo hakuja kupima nyoka. Nimemkataza dhana.

Ijumaa, 7 Novemba 2025

Baada ya sala, Asaad huyo — mara ya tatu, kanzu yake ya dishdasha imenyooka kwa pasi, uudi wanukia hadi mlangoni. Bashayer kamchukua chatu chumba cha pili. Nimemmiminia mgeni kahawa. Kakipokea kikombe, kakiweka chini, hakunywa. Kwa desturi ya huku, mgeni asiyekunywa ana ombi, hanywi hadi akubaliwe. Sayyida alisema kweli!

Nami ndiye niliyemlea Bashayer tangu babake afariki. Kabla hajatamka neno, nikaona wajibu kumwambia:

"Mwanangu, mama yangu hakuwa Mwarabu; alikuwa mtu wa Makunduchi, msusi wa ukili wa mikeka. Hatufichi. Wako waposaji ambao nasaba hiyo huwarudisha mlangoni. Jua mapema."

Katazama upande alikopelekwa chatu. "Sheikh, huyu nimeambiwa chotara tangu Jumapili. Mbona bado nambeba?"

Kisha kafahamu kwamba kamlinganisha binti wa watu na nyoka — uso ukamwiva! "Astaghfirullah, sikukusudia..."

Wallahi, nilikaribia kumwaga dalla ya kahawa kwa kicheko.

Lakini mwenye jawabu si mie. Nimeinuka kwenda kumuuliza mwenyewe. Bashayer hakuniangalia. "Nimalize kupima kwanza, Babu." Aupima mkia uleule mara ya tatu.

Nnamngoja hapa mezani, nnaandika. Asaad bado hajanywa, kahawa yapoa. Sayyida ashaanza kuyatandika mabusati yote upya, kama wajao ni wageni wa harusi.

Mola aibariki nyumba hii, na yako wewe usomaye, na kila aingiaye mlangoni kwa nia njema.